Kisiwa Kilichogeuzwa Rangi

Mwezi wa Aprili mwaka 2022 shirika la ndege la Condor, lenye kituo chake kikuu katika uwanja wa Frankfurt, lilitangaza kwamba ndege zake zitavaa mistari. Mistari yenyewe ni minene, inashuka kutoka mgongoni hadi tumboni mwa ndege, nayo imegawiwa rangi tano: manjano, nyekundu, buluu, kijani na rangi ya mchanga. Wabunifu walieleza kwamba wazo limetoka kwenye miavuli ya ufukweni, taulo za kuogea na viti vya kujilaza juani. Kila rangi ikapewa jina lake. Manjano ikaitwa Jua, nyekundu ikaitwa Shauku, buluu ikaitwa Bahari, na ile ya mchanga ikaitwa Ufukwe. Kijani ikaitwa Kisiwa.

Msomaji wa visiwani hawezi kulipita jina hilo upesi. Kisiwa, kwake yeye, ni mji na mashamba, ni misikiti na madrasa, ni makaburi ya wazee na bei ya unga, ni ugomvi wa majirani na harusi inayoupatanisha. Sasa neno hilo hilo limetiwa katika kijaluba cha rangi, limewekwa kati ya jua na taulo, na kurushwa angani. Na si kisiwa cha mbali kinachosemwa. Ndege za Condor zimekuja Zanzibar na Mombasa kwa misimu mingi, na miongoni mwa ndege zake za kwanza za aina ya Airbus A330neo, zilizoanza kubeba abiria mwishoni mwa mwaka 2022, ilikuwamo iliyopakwa kijani hicho. Kisiwa kimekwenda kutua kisiwani.

Huenda ikaulizwa: shirika la ndege lina nini hata lihakikiwe katika kurasa za ushairi? Jibu ni kwamba lina kila kinachotakiwa na mhakiki. Lina jina lililochaguliwa, lina taswira, lina ahadi, lina hadhira inayokusudiwa na hadhira isiyokusudiwa. Lina hata muwala wake, kwani jedwali la safari halina tofauti kubwa na mpango wa beti: kila kitu kina mahali pake na zamu yake. Zaidi ya hayo, ni matini inayosomwa na watu wengi kuliko diwani yoyote. Mtoto wa Kiembesamaki au wa Kisauni, ambaye hajapata kushika kitabu cha mashairi, ameshainua kichwa mara nyingi kuitazama.

Na lianze jina. Lugha ya Kiswahili ilipokutana na chombo kirukacho, haikujisumbua kuunda neno. Ilisema ndege, ikamaliza. Wajerumani nao walirudi kwenye ndege yule yule wa mbawa na manyoya. Lufthansa ilijitia korongo mkiani. Ndugu yake mdogo akapata jina la kondori, yule tumbusi mkubwa wa milima ya Andes kule Amerika ya Kusini, anayeweza kuelea muda mrefu juu ya hewa ya joto bila kupiga bawa. Ni jina linalofaa kuliko pengine wenyewe walivyokusudia. Biashara ya ndege za likizo ni biashara ya kuelea bila kutumia nguvu nyingi: gharama ndogo, viti vingi, kutafuta hewa ya joto popote ilipo. Tumbusi hali alichokiua. Hula kilichokwisha kuanguka. Historia ya mashirika haya, kama itakavyoonekana, ina mizoga mingi.

Mwanzo wa Condor ulikuwa wa staha. Mwezi wa Disemba mwaka 1955 kampuni iliyoitwa Deutsche Flugdienst iliundwa na washirika wanne: kampuni mbili kubwa za meli, yaani Norddeutscher Lloyd na ile ya Hamburg-Amerika, shirika la reli la Ujerumani Magharibi, na Lufthansa. Kwa hiyo ndege hii ilizaliwa na meli na treni, na ukoo wake si mgeni kabisa pwani hii, kwa kuwa meli za Kijerumani zilikuwa zikitia nanga Zanzibar tangu miaka ya 1890. Kampuni ilianza na ndege za Vickers Viking, zenye viti 36 kila moja. Safari yake ya kwanza, mwezi wa Machi mwaka 1956, haikwenda ufukweni. Iliwapeleka mahujaji katika Nchi Takatifu. Mwaka 1961 ikaungana na kampuni ndogo iliyokuwa ya ukoo wa Oetker, matajiri wa unga wa kuumulia keki na wa meli, na kutoka huko ikarithi jina la Condor.

Jambo hili la mahujaji si la kupita tu. Mwaka 1841 Mwingereza Thomas Cook alikodi treni kuwachukua watu kutoka Leicester hadi Loughborough kwenda kuhudhuria mkutano wa kupinga ulevi. Kutokana na safari hiyo fupi ikakua kampuni ya utalii iliyoenea dunia nzima. Biashara hizi mbili, ambazo baadaye zilikuja kuwa nyumba moja, zilianza kwa safari zenye nia: moja ya kuacha pombe, nyingine ya ziara takatifu. Msafiri alikwenda mahali ili arudi akiwa mtu mwingine. Taratibu nia ikapungua na jua likaongezeka. Leo mahali anakoelekea msafiri pametajwa kwa mwavuli na taulo, na anayesafiri hatazamiwi kubadilika ila ngozi. Mhakiki anayeifuatilia historia hii kama anavyofuatilia utenzi ataona dibaji ya dua imebaki, ila kisa chenyewe kimesahauliwa.

Baada ya jina, mizani. Katika ushairi mizani ni hesabu ya silabi. Katika uwanja wa ndege ni chuma kinachopima mzigo. Maana zote mbili zinahusu kitu kimoja, nacho ni kubana vingi katika nafasi ndogo bila kuvunja kanuni. Kwa miaka mingi sheria za anga za Ulaya zililinda mashirika ya kitaifa yenye safari za ratiba. Ndege ya kukodi iliruhusiwa kuwepo kwa sharti kwamba haiuzi kiti peke yake. Iuze kiti pamoja na malazi, kama kifurushi. Ndipo ukaundwa mtindo uliotawala. Mwandaaji wa safari hununua viti kwa jumla kabla ya msimu kuanza, huvifunga pamoja na vitanda vya hoteli na basi la kutoka uwanjani, na huuza vyote kwa bei moja. Shirika la ndege limekwisha kulipwa. Kiti kikibaki kitupu, hasara kubwa ni ya mwandaaji. Na kwa sababu hiyo mwandaaji hukijaza kwa kila hila, hata ikibidi kukiuza dakika za mwisho kwa bei ya kutupa. Ndege ikijaa, gharama ya kila abiria inashuka. Ikiruka usiku na mchana, inashuka tena. Unafuu wa bei hautokani na ukarimu wa mtu. Unatokana na hesabu isiyoacha nafasi ya silabi moja ya ziada.

Condor ilikuwa fundi wa hesabu hiyo. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 safari zake za mbali zilifika Thailand, Ceylon na Kenya. Mwaka 1971 iliingiza Boeing 747, chombo ambacho hakuna shirika la likizo lililokuwa limethubutu kukitumia. Mwaka 1999 ilikuwa ya kwanza duniani kupokea Boeing 757-300, ndege yenye urefu wa zaidi ya mita 54 na ujia mmoja tu katikati, iliyorefushwa ili iingize watu wengi zaidi bila kuongeza rubani. Zilitengenezwa 55 tu kwa wateja wote. Aliyepata kungoja kushuka kutoka mkiani mwa ndege ya namna hiyo anajua kwamba hata mshororo mrefu una gharama yake: pumzi humwishia msomaji kabla ya kufika kwenye kina.

Kisha kanuni zikabadilika. Soko la pamoja la anga la Ulaya lilifunguliwa kuanzia mwaka 1993 na kukamilika mwaka 1997. Kila shirika la Ulaya likawa huru kuruka popote barani na kupanga nauli litakavyo. Ryanair na easyJet, hiyo ya pili ikiwa imeanzishwa mwaka 1995, ziliuza kiti kitupu kisicho na kifurushi. Mtalii akajifunza kutafuta kitanda mwenyewe. Mashirika ya likizo yakabanwa: karibu na nyumbani yalishindwa na wauza viti, na mbali yalihitaji ndege kubwa za bei kubwa. Ndiyo maana pwani kama hii, iliyo mwendo wa usiku mzima kutoka Ulaya, ikawa muhimu zaidi kwao. Umbali ambao zamani ulikuwa kikwazo ukawa ngome.

Sura inayofuata ni ya maanguko, na kila aliyeisoma Al-Inkishafi, na kuona jinsi majumba ya Pate yalivyoachiwa popo, ataitambua hali hiyo. Uingereza katika miaka ya 1970 ilikuwa na Court Line, iliyopaka ndege zake waridi, chungwa, zambarau na samawati, miaka hamsini kabla ya mistari ya Condor. Zilipendeza mno. Agosti 1974, katikati ya msimu wa likizo, kampuni ikafilisika na maelfu ya watu wakakwama ugenini. Akaja Freddie Laker, aliyeanzisha shirika lake mwaka 1966, na mnamo Septemba 1977 akazindua Skytrain kutoka Gatwick hadi New York kwa nauli ya pauni 59 kwenda. Ndege ya DC-10 ilikuwa na viti 345. Abiria alipanga foleni, alilipa, na chakula alinunua akitaka. Watu ambao hawakuwahi kuota kuvuka Atlantiki waliivuka. Februari 1982 Laker naye akaanguka, kwa mzigo wa madeni ya ndege na ushindani wa wakubwa waliopunguza nauli kumfuata.

Condor yenyewe ilifika ukingoni. Lufthansa iliiunganisha na biashara za utalii mwishoni mwa miaka ya 1990. Kundi hilo likanunua jina la Thomas Cook mwaka 2001, na kwa muda mfupi hata jina la kondori likafutwa ubavuni mwa ndege na kuandikwa la Cook, kabla ya kurudishwa mwaka 2004. Tarehe 23 Septemba 2019 Thomas Cook ikafa, ikiwa na umri wa miaka 178, na watalii wapatao 600,000 wakiwa nje ya nchi zao. Condor ikaendelea kuruka kwa mkopo wa yuro milioni 380 uliodhaminiwa na serikali. Januari 2020 mnunuzi kutoka Poland alikubali kuichukua. Aprili mwaka huo huo, janga la UVIKO-19 likiwa limezifunga anga, akajitoa. Ukaja mkopo mwingine wa yuro milioni 550. Mwaka 2021 kampuni ya uwekezaji iitwayo Attestor ilikubaliana kuchukua asilimia 51 ya hisa. Mistari ya rangi ilipotangazwa mwaka mmoja baadaye, ilikuwa vazi la aliyetoka kaburini.

Hapa ndipo mistari ile inapaswa kuhukumiwa kwa haki. Kama taswira, ina ubora ambao haupatikani mara nyingi katika sanaa ya matangazo ya utalii. Haikupaka mnazi. Haikupaka machweo, wala mwanamke aliyefunga kanga, wala Mmasai akiruka mchangani mahali ambapo si kwao. Haikudai kuwajua wenyeji. Ilipaka mwavuli na taulo, yaani vitu vya mtalii mwenyewe, alivyotoka navyo kwao na atakavyorudi navyo. Kuna uaminifu katika hilo: matini inasema wazi kwamba inamhusu mgeni, na ya mwenyeji haimo. Mashairi mangapi yanayojidai kuusifu mwambao yameshindwa kuwa wakweli kiasi hicho?

Lakini uaminifu huo umeteleza katika neno moja. Jua, bahari na mchanga havina mwenyewe. Shauku ni ya msafiri. Kisiwa kina wenyewe. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu karibu milioni 1.9 Zanzibar. Kukitia kisiwa katika orodha moja na jua ni kukihesabu miongoni mwa vitu visivyozungumza. Hili ni kosa la kisanaa kabla ya kuwa kosa jingine lolote, kwa sababu orodha nzuri huundwa na vitu vya jinsi moja, na hapa kimechopekwa kimoja kisicho jinsi ya vingine.

Kosa hilo laonekana vizuri zaidi likipimwa na chombo cha zamani. Jahazi nalo lilikuwa biashara, nalo lilibana mzigo na kukimbiza msimu. Majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalishuka na kaskazi kuanzia Disemba, na kurejea kwao kusi ikishika. Ajabu ni kwamba ndege za likizo zimeifuata kalenda ile ile bila kuijua: baridi ya Ulaya ikikaza, mwezi wa Disemba hadi Machi, ndipo kaskazi inapovuma huku na hoteli kujaa, masika yanapoingia Aprili na Mei, vyumba hubaki vitupu na baadhi ya milango hufungwa. Pepo zile zile, wageni wengine.

Tofauti iko katika kungoja. Nahodha wa jahazi hakuweza kugeuza kabla ya upepo kugeuka. Katika miezi ile ya kungoja alipanga nyumba, alikopesha na kukopeshwa, aliswali katika safu moja na wenyeji, alioa, alizaa, aligombana, alijifunza kusema. Si kila alichofanya kilikuwa chema. Majahazi yalibeba watumwa pamoja na tende na mikoko, na hapana haja ya kuyapamba. Lakini lugha hii inayosomwa hapa, pamoja na bahari zake za ushairi, imenawirishwa na kungoja huko. Ndege ya likizo hukaa saa chache tu. Husafishwa, hutiwa mafuta, hupakia waliokwisha wiki zao mbili, na huondoka. Mithali husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kifurushi kimetungwa ili siku ya tatu ya mithali isifike kamwe: mgeni habadiliki kuwa mkaazi, na mwenyeji hapati fursa ya kumpa jembe.

Kilichobaki katika lugha kutokana na safari fupi namna hiyo ni kifupi vilevile. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kundi la Them Mushrooms la Mombasa lilitoa wimbo Jambo Bwana, uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison kwa kuzijua hoteli za watalii na maneno machache ambayo mgeni angeweza kuyachukua. Mwaka 1983 Boney M., kundi lililoundwa Ujerumani na mtayarishaji Frank Farian, likautoa wimbo huo kwa namna yake. Njia ya wimbo ni njia ya ndege: Mombasa hadi Ujerumani. Watunzi walifanya kazi kwa werevu, na wimbo umedumu. Hata hivyo Kiswahili kilichopanda ndege kilikuwa cha begi la mkononi: salamu, habari, na hakikisho kwamba hapana tatizo. Mwenyeji wa Unguja ambaye angesema hamna shida amejikuta akiwaambia wageni hakuna matata, kwa sababu ndivyo walivyokuja wakitarajia kuambiwa. Watalii wanarudi na salamu ambayo Waswahili wenyewe hawasalimiani. Hapo si mgeni aliyejifunza lugha ya mwenyeji. Ni mwenyeji aliyejifunza Kiswahili cha mgeni.

Hatari ya kweli imo humo, wala haimo rangini. Kampuni ya Frankfurt ina haki ya kupaka ndege zake itakavyo. Lakini kisiwa kinachosomwa na wengine kwa muda mrefu huanza kujisoma kwa macho yao. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000 katika mwaka 2023 peke yake. Kijana anayetafuta kazi kati yao hujifunza haraka ni kisiwa kipi kinanunuliwa: cha kijani, kilicho kimya, chenye tabasamu. Baada ya muda tabasamu hilo huingia katika nyimbo, katika michoro ya mitaa ya Mji Mkongwe, na hatimaye katika mashairi yenyewe. Mshairi anayeandika juu ya mchanga mweupe na maji ya feruzi bila kumtaja mama anayekusanya mwani maji yanapokupwa, amekwisha kupaka mistari ile ile, ila yeye hana ndege.

Fasihi ya visiwa imekwisha kutoa majibu, kwa wanaotaka kuyasoma. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, alifungua riwaya yake By the Sea, ya mwaka 2001, katika uwanja wa Gatwick. Ni uwanja ule ule alikopandia Laker na treni yake ya angani. Mzee Saleh Omar anawasili hapo kwa jina si lake, anajifanya hajui Kiingereza, anaomba hifadhi. Ofisa wa uhamiaji anamnyang'anya kijaluba chake cha udi. Tukio hilo ni jibu tosha kwa kila kipeperushi cha likizo. Njia ni moja, kiti ni kimoja, lakini aendaye upande huu huulizwa anakaa hoteli gani, na aendaye upande ule huulizwa yeye ni nani na kwa nini amekuja. Bei nafuu haikushusha hata ngazi moja ya mlango huo. Tena kilichonyang'anywa ni udi, harufu ya biashara ya kaskazi, kumbukumbu ya wakati ambapo wasafiri wa bahari hii walingoja.

Gurnah huyo huyo alikuwa ameandika Paradise mwaka 1994, na mfasiri Ida Hadjivayanis akaileta katika Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Mwaka huo ndio uliotoka mistari ya Condor. Neno pepo limekuwa kipenzi cha wauza safari kwa lugha zote, na wasomaji wa riwaya wanajua kwamba pepo ya Gurnah ina mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake. Katika Kiswahili neno hilo lina ukali wa ziada, kwa sababu wingi wa upepo nao ni pepo, na mashetani nao ni pepo. Kuna pepo ipangwayo, kuna pepo zivumazo, na kuna pepo wapandao kichwani. Lugha yenyewe imekataa kuiachia bustani iwe bustani tu.

Kazi iliyosalia ni ya washairi. Ushairi wa Kiswahili umelitumia jahazi kwa kila maana: dola, ndoa, mwili, safari ya roho. Umefanya hivyo kwa sababu watunzi walikijua chombo, wakajua foromali na demani, wakajua mahali panapovuja. Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu aliyefariki mwaka 2021 na ambaye diwani yake Kimbunga ilitoka mwaka 1994, alikuwa wa kizazi kilichoweza kusema bahari bila kuipaka rangi. Ndege ya likizo inahitaji kujuliwa hivyo hivyo. Inahitaji shairi la mpakiaji mizigo anayejua uzito wa kila sanduku bila ya mizani, la dereva anayesimama na kibao chenye jina asiloweza kulitamka, la mcheza ngoma anayewapokea abiria huku miguu ikimuuma, na la mtalii pia, mfanyakazi wa kiwanda labda, aliyeweka akiba mwaka mzima ili aone jua wiki mbili. Naye ni mtu, na dhihaka peke yake haitoshi kumweleza. Bei nafuu ndiyo iliyomleta. Asingekuja na meli za matajiri.

Mwaka 2020, safari ziliposimama, mistari haikuwepo bado, na ndege za Condor, zikiwa na rangi zake za awali, zilikaa chini kama za wengine. Fukwe za Kiwengwa na Nungwi, za Diani na Nyali, zikabaki bila miavuli. Njaa iliingia katika nyumba zilizokuwa zikila kutokana na wageni, na hilo halipaswi kusahauliwa na anayesema utalii uondoke tu. Lakini maji yaliendelea kujaa na kupwa. Wavuvi walikwenda, akina mama walitoka na kamba zao za mwani, adhana ziliadhiniwa, watoto walizaliwa wakapewa majina ya babu zao. Kisiwa hakikuwa cha kijani wala cha rangi nyingine yoyote. Kilikuwa na watu wake, kikizungumza nao, katika lugha ambayo haijaingia katika kijaluba cha rangi cha mtu.